Baiskeli zilipoadimika duniani, yangu ilikuwa stoo

Ukiwauliza watu ni vitu gani vilivyoadimika wakati wa korona, wengi watakutajia barakoa na dawa ya kutakasa mikono. Wachache mno watakutajia baiskeli. Lakini kuanzia katikati ya mwaka 2020, kupata baiskeli mpya ya bei nafuu katika miji mingi ya Marekani, Uingereza na Australia ilikuwa kazi ngumu. Maduka yalibaki na kuta tupu, na wateja waliandikishwa kwenye orodha wasubiri miezi. Uhaba huo ulitufikia hata sisi wa Pwani, ingawa ulikuja kwa njia yake.

Ni katika kipindi hicho ndipo mimi, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mkaazi wa Bamburi, nilipopanda tena baiskeli baada ya zaidi ya miaka 20. Tangu hapo sijashuka. Kuna wasomaji wengi ambao wameniuliza nilianzaje, nikaona nieleze kwa mpangilio: kwa nini baiskeli zilipotea madukani, jinsi ya kufufua ile kuukuu uliyo nayo, na mambo ya kujua kabla ya kuitoa barabarani hapa kwetu penye chumvi, jua, upepo na matatu.

Zilipotea vipi?

Sababu zilikuwa tatu, na zilikuja kwa mpigo.

Ya kwanza ni wanunuzi. Watu waliogopa kubanana ndani ya mabasi na treni. Majumba ya mazoezi yalifungwa. Watoto walikuwa nyumbani bila shule. Familia ambazo hazikuwahi kufikiria baiskeli zikaenda dukani wiki moja. Bidhaa ambayo duka lilitarajia kuiuza kwa msimu mzima ikaisha kwa siku chache.

Ya pili ni viwanda. Baiskeli nyingi duniani huundwa Uchina na Taiwan. Mwanzoni mwa 2020 viwanda vya Uchina vilisimama kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugonjwa. Tena, baiskeli haitengenezwi mahali pamoja. Fremu hutoka kiwanda hiki, tairi kile, gia na breki kingine. Kampuni ya Shimano ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai karibu na Osaka, ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya gia na breki zinazofungwa kwenye baiskeli za ulimwengu. Kampuni moja kama hiyo ikizidiwa na maagizo, kiwanda kilicho na fremu elfu kumi hakina baiskeli hata moja ya kuuza. Baiskeli isiyo na mnyororo ni chuma tu.

Ya tatu ni usafirishaji. Kontena zilikwama katika bandari zisizohitajika, na nauli ya meli ikapanda. Kisha tarehe 23 Machi 2021 meli kubwa ya Ever Given ikakwama katika Mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku sita. Meli nyingine zilizokuwa zikipeleka bidhaa za Asia kule Ulaya zikapanga foleni baharini.

Hapa kwetu baiskeli huingia kwa milango miwili. Kuna mpya, nyingi kutoka Uchina na India, na kuna za mitumba kutoka Japani na Ulaya. Zote hupitia Kilindini ndani ya kontena. Muuzaji mmoja wa mitumba mjini alinieleza hesabu yake kwa maneno machache: "Dada, huko kwao wamezikumbuka baiskeli zao. Ile ambayo zamani angeitupa, sasa anaitengeneza. Sisi tutaletewa nini?" Alikuwa na haki ya kulalamika. Uingereza ilianza kutoa vocha za pauni 50 mwezi Julai 2020 ili raia wakarabati baiskeli zao kuukuu, na Ufaransa tayari ilikuwa ikitoa yuro 50 kwa kazi hiyo hiyo tangu Mei. Serikali hizo ziliona jambo ambalo nasi twapaswa kuliona. Uhaba ulikuwa wa baiskeli mpya. Baiskeli kuukuu zilikuwepo, zimelala majumbani.

Mombasa iliyofungwa

Wengi mnakumbuka tulivyoishi. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia tarehe 8 Aprili, hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwetu sisi wa upande wa kaskazini, dunia iliishia kwenye daraja la Mtwapa.

Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilibaki bila mgeni hata mmoja, tukaambiwa tukae nyumbani bila mshahara hadi hali itengemae. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na nauli ikapanda kufidia viti vilivyo wazi. Mimi nilikuwa nauza mahamri na viazi vya karai ili watoto wapate kula, na kila safari ya kufuata unga na mafuta Kongowea ilikuwa inakula faida. Nilipiga hesabu ya nauli ya mwezi mmoja nikaona yatosha kununua kitu chenye magurudumu.

Nilikwenda kuulizia. Duka la kwanza halikuwa na baiskeli ya mtu mzima. La pili lilikuwa nazo mbili, bei imepanda hadi sikuona haja ya kujadiliana. Ndipo nilipokumbuka ile iliyokuwa stoo kwa mamangu, nyuma ya magunia ya makaa. Ni baiskeli ya Kijapani yenye kikapu mbele, fremu iliyopinda chini ili mwanamke apande bila kuinua mguu juu, na kifuniko cha mnyororo. Wajapani huziita mamachari, yaani baiskeli za kina mama, kwa sababu ndizo wanazopeleka nazo watoto shule na kwenda sokoni. Ni nzito, karibu kilo 20, lakini ni imara. Wahenga wetu walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kufufua chuma

Niliikokota hadi kwa fundi wa mtaani, mzee ambaye kibanda chake ni mwavuli, sanduku la spana na beseni la maji. Aliizungusha magurudumu, akagonga fremu kwa kidole. "Mwanangu, fremu ni nzima," akasema. "Hivi vingine vyote vyabadilishwa."

Alinifundisha kukagua, na sasa nawapa nanyi utaratibu wake.

Anza na fremu. Tazama mahali vyuma vilipoungwa, hasa chini karibu na pedeli na nyuma ya usukani. Kutu ya juu juu hupigwa msasa na kupakwa rangi. Lakini ukiona ufa, au ukibonyeza na chuma kikaingia ndani, usitie pesa zako hapo.

Pili ni magurudumu. Inua gurudumu lizunguke. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoki na kulinyoosha. Spoki zikiwa zimeoza kwa kutu, zibadilishwe, kwani hukatika ukiwa mwendoni.

Tatu ni breki. Raba zikiwa ngumu kama jiwe hazishiki, hata ukizikaza vipi. Waya za breki nazo huoza ndani ya mfuko wake ambapo jicho halioni. Zibadilishe zote bila kubishana. Ni vitu vya bei ndogo vinavyobeba maisha yako.

Nne ni mnyororo. Huu una kipimo. Chukua rula, weka mwanzo wake katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Katika mnyororo mpya, pini ya 24 huangukia inchi 12 barabara. Ikipita hapo kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka. Ukiuacha, utakula meno ya gia nazo, na hapo gharama itaongezeka.

Jambo dogo kwa wanaopenda kujitengenezea: pedeli ya upande wa kushoto hufungwa kinyume. Ukitaka kuifungua, zungusha kuelekea mkono wa saa unakokwenda. Watu wengi huizungusha kwa njia ya kawaida, huku wakizidi kuikaza, mpaka nati ikaharibika.

Tairi zenye nambari moja zisizolingana

Tairi ndizo zilizonichelewesha, na hapa ndipo nilipouhisi uhaba wa dunia mikononi mwangu.

Baiskeli yangu huvaa tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8. Fundi alikuwa na za 26 x 1.95, zile nene za baiskeli za milimani. Mtu angedhani 26 ni 26. Sivyo. Hiyo inchi 26 ni kadirio la kale la ukubwa wa tairi kwa nje. Kinachoamua kama itaingia ni kipenyo cha rimu, nacho huandikwa kwa milimita ubavuni mwa tairi. Ya milimani husomeka 559, kwa mfano 50-559. Yangu ni 37-590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu za fundi zitakazoifanya moja iingie mahali pa nyingine.

Tulitafuta kwa wiki mbili. Maduka matatu yalisema mzigo uko njiani. Hatimaye fundi alizipata kwa mwenzake aliyekuwa amezitoa kwenye baiskeli iliyovunjika fremu, zikiwa bado na kashata nzuri. Kwa hivyo kabla hujaenda dukani, soma nambari hiyo ndogo ya milimita, uipige picha kwa simu. Itakuokoa safari.

Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika shilingi 5,000. Nililipa kwa awamu, na sehemu nyingine kwa mahamri.

Adui wetu ni chumvi

Mtu wa Nairobi akiacha baiskeli nje mwezi mzima, huenda asione kitu. Sisi tulio karibu na bahari, upepo huleta chumvi kila siku, na chumvi ikichanganyika na unyevu hula chuma upesi. Mnyororo unaweza kugeuka rangi ya hudhurungi kwa wiki moja ya mvua.

Dawa yake si ghali. Ukipita ufuoni au barabara iliyo kando ya bahari, ifute baiskeli kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha uikaushe. Usiimwagie maji kwa nguvu kwenye ekseli na pedeli, kwani yatasukuma grisi nje. Mnyororo utie mafuta mepesi ya cherehani tone kwa tone, zungusha pedeli, kisha ufute yanayobaki juu. Mafuta yakizidi, mchanga hushika na kusaga chuma kama msasa. Usiku iingize ndani. Kama nyumba ni ndogo, itundike ukutani.

Mavazi na maneno

Sasa nije kwenye lile ambalo kina mama huniuliza kwa sauti ya chini.

Nilipokuwa msichana niliendesha baiskeli ya kaka yangu mpaka nilipovunja ungo. Hapo nikaambiwa basi, si heshima. Sikuwahi kuandikiwa sheria hiyo mahali popote; ilitosha kutazamwa. Niliporudi barabarani mwaka 2020, maneno yalikuja. Jirani mmoja aliniambia, "Shoga, watu wazima tumeota magurudumu?" Kijana wa bodaboda alinipigia honi na kucheka. Mzee mmoja anayeheshimika mtaani alinisimamisha akaniuliza kama mume wangu ana habari. Nikamjibu kwa adabu, "Ana habari, baba, na unga wa leo ndio huu kwenye kikapu." Akatazama kikapu, akaniombea heri, akaenda zake.

Ninalotaka kusema ni kwamba maneno yana muda wake. Mwezi wa kwanza walicheka. Wa pili walizoea. Wa tatu, yule shoga yangu alikuja jioni kabla ya kafyu akitaka afundishwe, na tulijifunzia nyuma ya nyumba pasipo na macho mengi.

Kuhusu mavazi, dera na buibui huvalika juu ya baiskeli ikiwa fremu ni ya chini na mnyororo una kifuniko. Vaa suruali nyepesi ndani. Pindo lifunge kwa kibanio au mpira upande wa mnyororo. Mtandio uchomekwe, usining'inie karibu na gurudumu la nyuma. Leso isiyofungwa vizuri ndiyo hatari kubwa kuliko macho ya majirani.

Kiti nacho kipimwe. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Kiti kikiwa chini sana magoti yatauma, na wengi huacha baiskeli kwa sababu hiyo wakidhani ni uzee.

Upepo, jua na barabara

Nilianza kwa sababu ya unga, lakini baada ya mwezi mmoja nikajikuta natoka hata siku isiyo na soko. Ndiyo maana nasema imekuwa uraibu. Kwa mwanamke aliyekaa nyumbani bila mshahara, akihesabu visa vya wagonjwa redioni kila alasiri, saa moja ya asubuhi isiyo ya mtu mwingine ilikuwa na thamani isiyopimika. Nililala vizuri zaidi. Hasira zangu kwa watoto zilipungua. Sikuhitaji daktari kunithibitishia.

Toka mapema. Nilikuwa nikisubiri kafyu iishe, nisali, mwanga uanze kupasuka, ndipo niondoke. Wakati huo jua si kali na upepo wa bahari bado umelala. Ujue pia upepo wa msimu. Kusi huvuma kutoka kusini takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi hutawala kuanzia Disemba hadi Machi. Kanuni ni moja: anza safari ukikabiliana na upepo, urudi ukisukumwa nao. Ukifanya kinyume, utafika mbali kwa raha na kurudi kwa machozi.

Beba maji, kiraka, gundi na pampu ndogo. Vaa kofia ngumu. Funga taa au kioo kinachong'aa nyuma, na uvae nguo za rangi inayoonekana. Shika upande wako wa kushoto, lakini usijibanze kabisa ukingoni ambako lami imemomonyoka, maana ukiyumba huna pa kwenda. Kwenye daraja la Nyali, saa za msongamano, mimi hushuka nikakokota. Hakuna aibu katika kukokota.

Hapo ndipo penye neno langu kwa wanaopanga barabara zetu. Mwaka huo wa 2020, miji kama Bogotá na Paris ilitenga njia za muda za baiskeli kwa kuweka vizuizi tu barabarani, na nyingine zikabaki za kudumu. Kwetu baiskeli hubeba mkate, madafu, samaki na mitungi ya maji kila siku, lakini mwendeshaji hugawana lami na lori la kontena. Kila barabara inapopanuliwa, ukingo wa baiskeli uwe kwenye ramani tangu mwanzo. Wanaoutumia wapo tayari, na wengi wao hawana njia nyingine ya kupata riziki.

Uhaba uliisha, je baiskeli?

Mwezi Juni Kilifi na Kwale zilifunguliwa, na Mombasa ikafuata Julai. Hoteli iliniita kazini baadaye, kwa zamu chache mwanzoni. Nchi za nje nako mambo yaligeuka. Wafanyabiashara walioagiza kupita kiasi wakati wa uhaba waliletewa mizigo yote wakati ambapo wateja wamepungua, na kufikia 2023 maghala ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamejaa baiskeli zinazouzwa kwa punguzo kubwa. Miaka mitatu tu, kutoka kukosa hadi kufurika.

Mimi sikununua mpya. Ile ya Kijapani naendea nayo kazini siku nne kwa wiki, na imeshabadilishwa mnyororo mara mbili. Yule shoga yangu alinunua ya mitumba, naye sasa anampeleka mwanawe shule nayo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujauliza bei ya baiskeli mpya, tazama uani kwako, darini, au kwa shangazi yako kijijini. Kama kuna fremu nzima, ipeleke kwa fundi wa mtaani wiki hii. Mafundi hawa wanapungua, kwani vijana wengi wamehamia kutengeneza pikipiki. Wakitoweka, siku uhaba mwingine ukija tutakuwa na vyuma bila mikono ya kuvifufua.